Ng'ombe Wote wa Mlimani Walikuwa Kanisani

Wewe uliyeketi hapo, sogea kidogo nikueleze jambo ambalo wasomi wengi hulieleza vibaya kwa makusudi, ili waendelee kuitwa wasomi. Nataka kukueleza jinsi kompyuta inavyotafuta kitu kilicho karibu. Usiogope. Mimi nilifundishwa jambo hili chuoni kwa michoro na herufi za Kigiriki, nikapita mtihani bila kuelewa kitu. Nilikuja kulielewa sawasawa kwa sababu ya ng'ombe mweusi wa senge yangu, aliyekuwa anataka dume. Kama kuna watoto karibu, watume dukani halafu tuendelee.

Senge, kwetu Bungoma, ni dada yake baba, na huogopwa kuliko baba mwenyewe. Wangu aliolewa mlimani, upande wa Cheptais, na huko alibaki mjane na wana wakubwa wenye maoni mengi. Maziwa ya yule ng'ombe yalikuwa kitu pekee pale bomani ambacho hakuhitaji kumwomba mwanawe yeyote. Lakini ng'ombe asipozaa, maziwa hukauka, na huyu alikuwa ameanza kukauka. Kifungua mimba wa Senge, yaani binamu yangu, alikuwa ameshatoa hukumu: ng'ombe akikosa kushika mimba, anapelekwa soko la Chwele. Na Chwele hakuna mtu anayenunua ng'ombe tasa ili amtazame machweo.

Sasa sikiliza kanuni ya kwanza, ambayo haimo katika vitabu vya kompyuta. Ng'ombe akiingia joto asubuhi, apandishwe kabla ya jioni. Ukichelewa, unangoja kama wiki tatu arudi tena. Huwezi kumwambia angoje kidogo mtandao urudi.

Mimi hufanya kazi Kitale, katika chama cha ushirika cha wafugaji, kwenye chumba kilicho juu ya duka la dawa za mifugo. Tunanuka dawa ya kupe mpaka siku ya harusi. Kazi yangu ni kuulinda mfumo. Mkulima anatuma ujumbe kwa simu kwamba ng'ombe wake yuko kwenye joto, nao mfumo unatafuta daktari wa mbegu aliye karibu naye zaidi na kumtuma kwa pikipiki na mtungi wake wa barafu. Tunawaita madaktari ingawa wamesomea kazi hiyo moja tu ya kutia mbegu. Wao hawajawahi kukataa.

Nilipoajiriwa, mfumo huo ulikuwa mzito kama bibi harusi siku ya kutoka kwao. Meneja wetu ni mzee aliyestaafu ualimu, lakini ualimu ukakataa kumstaafu, kwa hivyo sote tunamwita Mwalimu. Alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu na chai yake.

"Hii kitu inafanya nini saa hii?"

"Inatafuta daktari, Mwalimu."

"Bado?"

"Inafikiria."

"Ng'ombe hafikirii," alisema, "na yeye ameshamaliza."

Ndivyo Senge alivyokosa mara ya kwanza. Alituma ujumbe asubuhi, daktari akapata habari siku ya pili. Alipofika, ng'ombe alimtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekuja matanga yakiwa yamekwisha.

Nilifungua mfumo nione unafikiria nini hasa. Simu ya kila daktari ilikuwa ikituma mahali ilipo kila baada ya muda mfupi, mchana kutwa, na kila mahali palihifadhiwa tangu chama kianze. Mkulima akiuliza "nani yuko karibu?", kompyuta ilikuwa inapima umbali kutoka kwake hadi kila mahali ambapo daktari yeyote amewahi kusimama. Ilipima hadi pale daktari mmoja alipokula chapati mwaka uliopita. Ilipima hadi kwa daktari aliyeacha kazi na kuoa Uganda. Halafu ikapanga umbali huo wote, kutoka mdogo hadi mkubwa, ikachukua wa kwanza, ikatupa uliobaki. Mkulima wa pili akituma ujumbe, inaanza upya.

Ni sawa na mtu aliyetumwa kitunguu soko la Kitale, akaanzia upande wa mitumba. Anamuuliza kila muuza suruali: "Una kitunguu?" Anayeuza viatu: "Una kitunguu?" Atakipata, siku moja. Lakini wewe na mimi hatufanyi hivyo. Tukifika lango la mitumba tunajua kwamba upande wote ule hauna kitunguu, na tunaupita bila kumsalimu mtu.

Hiyo ndiyo siri yote. Nakuahidi hakuna nyingine. Kompyuta inahitaji kupewa upande wa mitumba na upande wa mboga. Basi unachukua vitu vilivyo karibu karibu, unavichorea sanduku. Wale wa Saboti, sanduku lao. Wale wa Kapsokwony, lao. Halafu masanduku jirani unayaweka ndani ya sanduku kubwa zaidi, na hayo ndani ya kubwa zaidi, mpaka dunia yote ya chama chetu ikae ndani ya sanduku moja. Swali likija, kompyuta inaanza juu. Inaliuliza kila sanduku: ukuta wako ulio karibu nami uko umbali gani? Kama tayari imempata daktari aliye karibu kuliko ukuta huo, sanduku lile halifunguliwi. Lina madaktari wangapi ndani? Haijalishi. Wote wako ng'ambo ya ukuta. Ufanisi si kupima haraka. Ufanisi ni kujua usikopaswa kupima.

Nilitupa kando njia za kale za madaktari, nikabakiza mahali pa mwisho pa kila mmoja, nikachora masanduku. Mwalimu alikuja na chai yake, akasema tujaribu. Nikabonyeza. Jibu likaja kabla hajapuliza chai.

"Hapana," akasema. "Rudia. Hiyo imekisia."

Nikarudia. Jibu lile lile. Mzee akaketi. Nikaona anatafuta kosa kama anavyotafuta mwalimu aliyeletewa kazi safi na mwanafunzi mtundu. Hakulipata siku hiyo.

Alilipata Senge, ng'ombe aliporudi kwenye joto.

Ujumbe wake uliingia asubuhi, na papo hapo mfumo ukamtuma daktari mmoja wa kike anayeendesha pikipiki kama aliyeiba. Tukapongezana. Baadaye simu ikalia.

"Nimefika," daktari akasema. "Hapa kuna kwaya."

"Kwaya gani?"

"Kwaya ya kanisa, bana. Wanafanya mazoezi. Ng'ombe iko wapi? Iko sauti ya pili?"

"Si mfumo umekuonyesha?"

"Mfumo umenionyesha madhabahu."

Senge hakupatikana kwa simu kwa sababu simu yake ilikuwa dukani inachajiwa. Wanakwaya, kwa moyo mwema, walimpeleka daktari kwa ng'ombe wa jirani ambaye hakuwa na shida yoyote wala haja ya mtu. Mvua ikanyesha, barabara ikawa uji, siku ikaisha.

Nilifungua ramani na kuikuza pale kanisani. Kulikuwa na nukta moja. Nikaibonyeza. Kumbe haikuwa nukta moja, ilikuwa nukta zilizolaliana: mashamba ya mlima ule mzima. Maafisa wa chama waliposajili wakulima, walifanya jambo ambalo mtu yeyote wa huku angelifanya. Walingoja Jumapili. Ibada ikiisha watu wote wako pamoja, wamevaa vizuri, hawana haraka. Afisa akaweka meza chini ya mkaratusi, kila mkulima akataja jina, afisa akabonyeza simu, na simu, ambayo ni mtumishi mwaminifu asiye na akili, ikaandika shamba liko pale iliposimama. Kwa mujibu wa kompyuta, ng'ombe wote wa mlimani walikuwa wameokoka na walikuwa wakiishi kanisani.

Masanduku yangu mazuri yangesaidia nini hapo? Sanduku linatenganisha vitu vilivyo mahali tofauti. Ukivirundika vyote mahali pamoja, una sanduku moja jembamba kama sindano na kundi zima ndani. Nilikuwa nimeifundisha kompyuta kukosea kwa kasi. Zamani ilikosea polepole, angalau mtu alipata muda wa kutilia shaka.

Mwalimu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akaamua wote wasajiliwe upya, na kwa sababu yeye ni mwalimu, akaunda kamati kwanza. Nilijua kamati ikimaliza, ng'ombe wa Senge atakuwa supu. Nikampigia binamu, mwenye simu kubwa ya kioo, nikamwomba afanye jambo moja tu: akifika kwa mama yake, asimame karibu na ng'ombe, anitumie lokesheni.

"Hiyo ni kitu kidogo sana," alisema.

Kweli aliituma. Niliiingiza mara moja bila kuikagua, maana ni nani hukagua kitu kilichotumwa na ndugu?

Safari ya tatu Senge hakutuma ujumbe. Alinipigia, na ng'ombe alikuwa akisikika nyuma yake kama tarumbeta ya harusi.

"Wewe mtoto wa kaka yangu, unasikia huyo?"

"Namsikia, Senge."

"Analia tangu alfajiri. Amempanda hata mbuzi. Na kaka yako, huyu mwanangu, amesema leo ikipita, kesho anakuja na kamba. Sasa hiyo kompyuta yako ni ya kazi ama ni ya kuangaliana sura?"

Niliuliza mfumo. Ukajibu mara moja: daktari aliye karibu yuko Bungoma mjini. Bungoma mjini? Nikafungua ramani. Ng'ombe alikuwa ametoka kanisani, sawa. Alikuwa amehamia baa. Binamu alikuwa ametuma mahali alipokuwa ameketi wakati nilipomkumbusha.

"Ameanguka kutoka wokovu," Mwalimu akasema nyuma yangu. Sikuwa na hali ya kucheka. Mawingu yalikuwa yameanza kuketi juu ya mlima, na mvua ikinyesha upande ule, hakuna pikipiki inayopanda.

"Senge, niambie uko wapi."

"Niko nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

"Haki ya Mungu! Hukula ugali hapa? Hukuanguka kwenye hiki kisima?"

Nilikuwa nimekula na nilikuwa nimeanguka. Lakini kumbukumbu ya mtoto haina ramani, na kutoka angani kila boma la mlimani ni bati na migomba. Simu yake ilikuwa mulika mwizi, ya vibonyezo na tochi, isiyojua chochote kuhusu mahali ilipo. Nikasema, "Senge, jifanye mimi ni mgeni. Nielekeze."

"Mimi niko chini ya posho mill."

Hapo ngoja kidogo, msikilizaji, uone kazi inavyofanyika. Mtu wa tambarare atakuambia kushoto na kulia. Mtu wa mlimani atakuambia juu na chini, na hakosei, kwa sababu miguu yake inajua. Posho mill, yaani mashine ya kusaga unga, ilikuwa kwenye ramani yetu, na urefu wa kila mteremko pia. Nikaiambia kompyuta: futa kila paa lililo juu ya mashine ile. Nusu ya mapaa yakaondoka.

"Halafu?"

"Juu ya mto. Ukimwaga maji pale posho mill yanapita kwangu, ndiyo yaende mtoni."

Futa kila paa lililo ng'ambo ya mto. Futa kila paa ambalo maji hayo hayapiti. Yakaondoka mengi.

"Halafu?"

"Kabla ya njia panda ya shule. Ukifika kwa mbwa mwenye hasira umenipita."

Ramani haikuwa na mbwa, kasoro ambayo naiona mpaka leo. Lakini njia panda ilikuwepo. Nikafuta yaliyo mbele yake. Angalia: sikuwa nimelipima hata paa moja kwa uangalifu. Nilikuwa natupa kwa mafungu, kwanza kwa sababu rahisi, ili yabaki machache ya kutazamwa kwa macho. Yakabaki mapaa kama vidole vya mkono.

"Senge, paa lako ni la rangi gani?"

"Jekundu."

"Mengi ni mekundu."

"Langu ni jekundu upande mmoja. Mpaka rangi alienda kunywa chai hajarudi."

Nikamwona. Nilikaribia kumpungia mkono.

Sasa ni nani wa kumtuma? Sanduku la Saboti na la Kitale yakabaki yamefungwa, mbali kupita kiasi. Madaktari wawili walibaki. Ukivuta kamba ya fundi angani, aliyekuwa upande wa Kapsokwony ndiye wa karibu kabisa. Mwalimu akasema, "Huyo! Mpigie!" Nikamwomba subira, na nawe naomba subira ile ile. Kamba haijui mabonde. Huku mlimani unaweza kumsalimu mtu wa tuta la pili, akakujibu vizuri, na ukianza kumwendea, salamu itachacha kabla hujafika. Lakini kamba si ya kutupwa. Ina ukweli mmoja: barabara haiwezi kuwa fupi kuliko kamba. Kwa hivyo unaitumia kamba, ambayo ni rahisi, kuwaondoa walio mbali bila ubishi. Wachache wanaobaki ndio unaowapimia barabara, ambayo ni kazi ngumu. Nikapima. Wa Kapsokwony alikuwa na bonde zima la kuzunguka. Wa pili alikuwa chini, Chwele, mbali zaidi kwa kamba, karibu zaidi kwa barabara.

Alikuwa yule yule wa kwaya.

"Daktari, uko wapi?"

"Si unaniona kwa mashine yako? Nakula."

"Acha kula. Kuna ng'ombe kwenye joto karibu na Cheptais."

"Usiniambie ni ule wa kanisani."

"Ni ule."

"Mimi nilisema nikirudi huko nitabatizwa na maji mengi."

"Si kanisani sasa. Chini ya posho mill, paa jekundu upande mmoja. Ukifika kwa mbwa mwenye hasira umepita. Na mvua inakuja."

Nilisikia kiti kikivutwa. "Mbwa? Hiyo sasa ndiyo lokesheni," akasema, akakata.

Nilimwomba Senge asikate simu. Akaitia kwenye mfuko wa aproni, na mimi na Mwalimu tukakaa tumeinamia spika kama watu wanaosikiliza mpira. Tulisikia ng'ombe. Tulisikia kuku. Kwa muda mrefu tulisikia Senge akimwambia ng'ombe avumilie, na akimwambia Mungu mambo fulani kuhusu mwanawe. Tukasikia ngurumo. Mwalimu akafunga macho. Halafu mbwa mmoja, kwa mbali, akapandwa na wazimu, na baadaye pikipiki ikasikika ikirudi nyuma.

"Nimepita," daktari alisema, akihema. "Nimeambiwa na mbwa. Mama, hujambo? Nipe maji ya moto na sabuni."

"Yamechemka tangu asubuhi. Umekuja na dume?"

"Niko na Friesian, niko na Ayrshire. Unataka gani?"

"Nipe yule asiye na maneno mengi."

"Mama, wote wako ndani ya mrija. Hawaongei."

"Basi hao ni bora kuliko wa nyumbani. Endelea."

"Shika mkia."

"Mkia huu nimeushika tangu azaliwe. Shika kwako."

Kwa heshima, Mwalimu alitazama dirishani. Tone la kwanza la mvua likagonga bati la Senge, tukalisikia hapa Kitale, na daktari akasema, "Kwisha."

Kesho yake binamu alifika na kamba, kama alivyoahidi. Senge alimwambia ng'ombe si wa kuuzwa kabla haijajulikana kama ameshika, na kwamba wiki tatu hazijawahi kumuua mtu. Akaiweka ile kamba ndani ya nyumba. Kila jioni baada ya hapo alinipigia kuniambia jambo lile lile: ng'ombe ametulia. Siku za kurudi joto zilifika, zikapita, na bado alikuwa ametulia, anacheua kama mwenye shamba. Baadaye daktari akapanda tena mlimani, akavaa glavu ndefu, akapima, akanipigia kabla hajanawa.

"Ako na mimba. Mwambie binamu yako akuje achukue kamba yake."

Binamu hakuja kuichukua. Senge anaanikia nguo.

Kamati ya Mwalimu nayo ilimaliza kazi, na sasa tunasajili boma kwa boma, kwa miguu, tukifukuzwa na mbwa wengi, ambao nimeanza kuwaingiza kwenye ramani. Tutafika na kwako. Afisa wetu atakapofika, usikubali akuandikie barabarani wala dukani hata kama ana haraka. Mpeleke mpaka zizini. Msimame hapo mahali pa wazi, mngoje kile kiduara cha buluu kwenye simu kiache kuchezacheza, na kikitulia, ndipo abonyeze.